Kikohozi Kilichonizima

Jumatatu, 4 Machi
Nimo kwenye filamu! Sura sina, sauti ninayo. Mjukuu wangu, mhariri wa sauti, aliniletea maikrofoni akaniomba nimgombeze mwizi wa kuku. Nikagomba mpaka majirani wakachungulia. Leo nasikia amemrekodi pia bibi yake mzaa baba. Akikohoa! Mungu wangu, kikohozi nacho sanaa?

Jumatano, 6 Machi
Nimemwambia mjukuu anikuze mimi, kikohozi akitupe. Kakataa! Ati yeye huchagua sauti, huzikata, huzisafisha, huzipanga mahali pake. Na pumzi zangu keshazikata. Pumzi zangu! Ipi isikike zaidi, hiyo kazi ya mchanganyaji. Nilishtuka. Filamu nzima wamemkabidhi mtu wa kuchanganya mambo? Kasema, hapana bibi, huyo hupima ipi ipande, ipi ishuke, zikae pamoja bila kugombana. Basi huyo ndiye wangu.

Ijumaa, 8 Machi
Nimemfuata studioni. Chumba baridi, kuta zimevishwa magodoro. Mchanganyaji ni mama mkavu. Mezani vitufe vya kusukuma, ukikipandisha sauti inapanda, kila kimoja na kikaratasi chake. Nikamwomba aniongeze. Kanijibu kwamba kazi imekwisha, leo hii sauti zinaingizwa kwenye filamu, na mimi nasikika hadi mtaa wa pili. Hana adabu! Alipotoka kupokea simu nikakiona kilichoandikwa BIBI. Mbele kulikuwa na herufi nyingine, sikuhangaika nayo. Nikasukuma hadi juu kabisa!

Jumapili, 10 Machi
Jamani! Uzinduzi. Ukoo mzima safu ya mbele, mimi katikati, gauni jipya. Mwizi akanyata. Nikawaambia wanyamaze, nakuja. KOHO! KOHO! Viti vikatetemeka. Mtoto akaangua kilio. Mimi nilisikika kama nzi ndani ya chupa! Ukumbi ukacheka, ukapiga makofi, mkohoaji akasimama kupunga mkono. Mjukuu machozi yalimlengalenga. Kaniuliza taratibu nani kagusa BIBI K, K ya kikohozi. Changu kilikuwa BIBI G. G ya gombeza!

Jumatatu, 11 Machi
Mjukuu keshajua ni mimi, hataki kuniona mpaka nimwombe mchanganyaji radhi. Mimi! Wao ndio wameandika bibi wawili meza moja, halafu lawama kwangu! Hata hivyo nimekaa nikatafakari, na kosa langu nimeliona. Nilisukuma kimoja. Filamu ijayo nasukuma vyote.