Nywele Zangu na Bango la Magodoro

Jumatatu, 3 Machi

Nywele zimeamka kabla yangu. Za kulia zimesimama wima, za kushoto zimelala fofofo, na kisogoni kuna kitu ambacho sina jina lake. Nilizinyoa ili nimkomoe mwanamume aliyeniacha. Hakukomoka. Ameoa.

Nimempitia msusi. Amejaribu kuzishika, zikamponyoka. Kasema nirudi zikirefuka, yeye anasuka nywele, hasuki nia.

Kazini, habari kubwa! Ijumaa anakuja mpigapicha. Duka letu la magodoro litapata bango la barabarani, na bosi anataka sura za wafanyakazi. Nikauliza kama sisi wa stoo tumo. Akasema tumo, tena wa stoo akichaguliwa atahamia mbele dukani, maana mtu wa bangoni hafichwi nyuma ya marobota. Nimechoka kufunga magodoro kwa nailoni na kumeza vumbi la sponji. Lazima niwe mimi!

Maringo, muuzaji wa mbele, amerusha misuko yake begani na kusema bango linahitaji sura. Sura ninayo. Tatizo liko juu yake.

Jumanne, 4 Machi

Wifi yangu, mke wa kaka, ambaye tunaishi naye na ulimi wake hauna breki, kasema nichemshe bamia, nichuje ute, nipake. Nimepaka. Zimelala! Nimetembea dukani shingo juu.

Kufika mchana ute umekauka. Kila nikiitikia kwa kichwa, vipande vinadondoka. Mteja akauliza kama godoro lina wadudu. Bosi akaniambia nirudi stoo, na nisiitikie.

Jumatano, 5 Machi

Nimeazima wigi la Wifi, lile la harusini, bila kumsumbua kwa kumwomba. Nikapita mbele ya Maringo polepole. Akasahau kurusha misuko. Raha iliyoje!

Kisha joto la stoo. Nikainama, nikavuta nailoni, nikafunga godoro vizuri kabisa, likapakiwa garini likaenda zake. Nikajikuna kichwa. Kichwa kitupu.

Baadaye mteja akapiga simu, analia. Kapelekewa godoro lenye mnyama, na mumewe yuko juu ya kiti analipiga kwa fagio. Dereva amelirudisha wigi likiwa na majeraha. Wifi alilitazama, akanitazama mimi, akasema bora ningefungwa mimi humo likarudi lenyewe.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepata! Jibu lilikuwa mikononi mwangu muda wote. Magodoro yanatoka kiwandani yamebanwa kwa nailoni na mkanda mpaka yamekuwa membamba. Sponji nene namna ile linatii, sembuse nywele?

Nimebeba nailoni na mkanda wa kazini. Mafuta ya nazi kwanza, halafu nailoni kuzunguka kichwa, halafu mkanda, nikaukaza mpaka nyusi zikapanda. Wifi akauliza nasafirishwa wapi. Kisha akauliza, si nyinyi mnaowaambia wateja kwamba sponji zuri ukilifungua linainuka palepale? Nikamwambia mambo ya kazi hayajui.

Ijumaa, 7 Machi

Sikulala. Mkanda unabana hadi ubongo. Nimekwenda kazini nimefungwa vilevile, nifunguliwe mbele ya kamera, nywele zisipate muda wa kufikiri.

Maringo alitangulia. Akajilaza juu ya godoro jipya, tabasamu, misuko imemwagika kwenye mto. Mshenzi, alipendeza.

Zamu yangu. Nikakata mkanda. Zikalipuka! Zote, hata za kushoto ambazo hazijawahi kuniasi. Alama ya mkanda kwenye paji la uso, macho mekundu. Nikataka kukimbia. Mpigapicha akapiga kelele nisisogee, akapiga picha mpaka jasho likamtoka. Bosi alicheka mpaka akakaa chini, akasema Jumatatu nianze kazi mbele. Nimechaguliwa! Kasema na Maringo pia, bango ni la watu wawili, na maelezo mengine sikuyasikiliza. Nimejifungia chooni nikalia kwa furaha.

Jumanne, 11 Machi

Bango limepandishwa. Kulia yupo Maringo, anasinzia, na chini yake pameandikwa BAADA. Kushoto nipo mimi, na nywele zangu zimetoka nje ya fremu. KABLA. Masikio yaliniwaka kwa aibu pale barabarani.

Ila dukani kumejaa. Wateja wanaingia wakiuliza Kabla yuko wapi. Wanapiga picha nami, kisha wananunua. Baada hakuna anayemuulizia. Leo Maringo mwenyewe, mdomo umemvimba, kaniuliza kwa sauti ya chini huwa napaka nini. Nina kiti changu na feni. Bosi ameniita pembeni akanionya nisiziguse nywele hizi hata kidogo, maana siku zikilala nami narudi stoo siku hiyohiyo. Wifi amesema nimshukuru Mungu, nile, nilale.

Nishukuru? Niitwe Kabla mji mzima, na yule aitwe Baada? Haiwezekani! Mimi ni Baada kwa kuzaliwa, kilichokosekana ni ufundi tu. Kosa la Alhamisi nimeligundua: mkanda ulikuwa mmoja. Leo nimekuja na miwili, na nimeshaikaza. Kesho asubuhi bosi ataona mwenyewe.

Wifi amesimama mlangoni anasema kitu, tena kwa mikono miwili, lakini nailoni imeniziba masikio.