Vyombo Sita vya Kashata za Kizungu

Jumatatu, 23 Agosti 2021

Amri ya kutotoka nje usiku, kwa ajili ya korona, imeanza leo hapa Seven Hills, mtaa wetu huku ughaibuni. Hainihusu. Sina pa kwenda! Hoteli niliyokuwa nafanya kazi imefungwa tangu Juni. Tulikubaliana na mke wangu Stephania: yeye anakwenda kuhudumia wazee kwenye kituo chao, mimi napika.

Leo karudi, kafunua sufuria, kafunika. Ugali na samaki wa kopo, siku ya tisa mfululizo. Hakupiga kelele. Hapo ndipo nilipoogopa. Akasema taratibu kwamba asipokuta chakula cha maana mezani Jumamosi, kuanzia Jumapili mama yake atanielekeza kupika kwa simu ya video kutoka Dar. Kila siku!

Mama mkwe! Jikoni kwangu! Mtu ambaye mbele yake hata kukohoa naona haya!

Jioni, muujiza. Jirani yetu Mkongo, Marie-Jeanne, karudisha bakuli letu. Wiki iliyopita Stephania alimpelekea machungwa manne. Limerudi limejaa sambusa. Za nyama! Nikauliza kulikoni. Mke wangu akaniuliza kwani mimi nimelelewa wapi, chombo cha watu hakirudishwi kitupu.

Machungwa manne, sambusa kumi na mbili. Jamani! Kumbe mtu anaweza kupikiwa na mtaa mzima na asijue!

Jumanne, 24 Agosti

Mpango: vyombo sita, nyumba sita, ndani kitu rahisi. Kisha nakaa kitako nasubiri pilau. Mkono mtupu haulambwi, wahenga walisema, lakini hawakusema mkono uwe na nini.

Kitu chenyewe ni vile vipande vya granola ambavyo Wazungu hutafuna kwenye treni. Nimesoma kwenye simu: oti za uji, karanga, asali, unaoka, unakata. Si kashata hizi? Kashata za Kizungu! Marehemu shangazi yangu alisifika kwa kashata Tanga nzima, na damu nzito kuliko maji.

Asali ghali. Nimeweka sukari. Karanga nazo zina bei, nimeweka za kunukia tu. Oti za bei ya chini kabisa, mfuko mzima. Sukari nikaichemsha kama shangazi, ila shangazi hakuwa na simu. Nilipoinua macho ilikuwa nyeusi kama kahawa. Nikamimina hivyo hivyo.

Kisu kimepinda! Sijawahi kuona! Nimekata kwa nyundo. Vipande thelathini na sita, kila kimoja kina alama ya nyundo. Imependeza, kama muhuri. Sijaonja, nina jino bovu.

Jumatano, 25 Agosti

Nimegawa. Siri iko kwenye ukubwa wa chombo. Ukimpelekea mtu kisahani, atakurudishia kisahani. Kwa hiyo vipande sita nimevilaza ndani ya beseni la kufulia (safi), vimeenda kwa Waceke, Mkenya wa mtaa wa pili. Mzee Balthazar wa kanisa la Wakongo kapata sufuria ya sherehe. Nyumba nyingine tatu, ndoo.

Marie-Jeanne ndiye mpishi hasa. Kwake nimepeleka hotpoti. Ile hotpoti! Zawadi ya harusi kutoka kwa mama mkwe, yenye maua mekundu, ambayo sisi wenyewe tunaigusa Krismasi tu. Pilau lazima lifike moto. Stephania hajui.

Polisi walinisimamisha njiani. Nikawaambia napelekea watu chakula. Mmoja akachungulia beseni, akaniangalia, akasema niende tu. Alikuwa na huruma usoni, sijui ya nini.

Alhamisi, 26 Agosti

Sifa! Sikutegemea! Waceke kaandika: shemeji, asante, watoto wamezigombania, zimeisha zote. Mzee Balthazar kapiga simu akaniombea dakika kumi nzima. Na ukutani kwa Marie-Jeanne kuna harufu ya vitunguu vinakaangwa. Vitunguu vingi!

Nimemwambia Stephania asinunue chochote, Jumamosi atakula mpaka alegeze mkanda. Kaniangalia kwa muda mrefu. Hajazoea kuniamini, ndiyo maana.

Ijumaa, 27 Agosti

Beseni limerudi. Limeachwa mlangoni, limefunikwa kitambaa, zito. Nikanawa mikono. Nikafunua.

Kashata za Kizungu! Kumi na mbili!

Nilipeleka sita! Nikadhani macho yananidanganya. Nikazigeuza. Alama ya nyundo, alama ya nyundo, alama ya nyundo. Nikampigia Waceke. Akababaika, akacheka, mwisho akakiri: sita ni zile zangu, watoto waligombania nani asile. Sita nyingine kaletewa na mzee Balthazar, aliyekuwa na bakuli la Waceke na hakutaka kulirudisha tupu.

Mtu wa Mungu! Aliyeniombea dakika kumi!

Sufuria ya mzee imerudi na ndimu mbili. Ndoo zote tatu zimerudi na kashata. Sita, sita, sita. Vipande thelathini viko mezani vinanitazama. Sikujua kwamba Seven Hills kuna waongo kiasi hiki.

Imebaki hotpoti. Mungu wangu, imebaki hotpoti tu.

Jumamosi, 28 Agosti

Nilimkalisha Stephania mezani. Nikatandika kitambaa. Saa moja kamili, hodi. Marie-Jeanne na barakoa yake, kaweka chini, karudi nyuma hatua mbili. Hotpoti ina moto! Ina uzito! Nilitaka kulia.

Nikatoa hotuba fupi kuhusu mume anayejali. Nikafunua.

Uji.

Uji wa kahawia, unafuka moshi. Nikarudi mlangoni mbio. Marie-Jeanne akaniambia, papa Nehemia, tusameheane. Walijaribu kwa meno. Walijaribu kwa kisu. Mwanawe Précieux akapigiza kipande kimoja juu ya mfuniko wa hotpoti. Mfuniko ukapasuka. Kipande kikabaki kizima! Basi mama mtu akavitia vyote kwenye maziwa, akavichemsha tangu asubuhi, mpaka vikakubali. Précieux, miaka tisa, akaongeza kwa Kiingereza kwamba lilikuwa jaribio zuri la sayansi.

Stephania alikula mabakuli mawili. Alikuwa amechoka, miguu imemvimba, na uji ulikuwa mtamu, lazima niseme ukweli. Kwa sekunde kama kumi niliona aibu ya kweli.

Kisha akauliza nani kapika. Nikasema kimsingi ni mimi. Akachukua mfuniko, akapitisha kidole kwenye ufa, ua hadi ua. Akachukua simu.

Jumapili, 29 Agosti

Mama mkwe ameegemezwa kwenye kopo la sukari. Kavaa miwani. Shikamoo, marahaba, na swali la kwanza: hotpoti yangu iko wapi? Nikasema tumemwazima jirani mgonjwa. Akasema vizuri, nitapiga kila siku mpaka irudi.

Saa tatu nzima kwenye simu! Nimemenya vitunguu mara mbili kwa sababu mara ya kwanza hakuviona vizuri. Nimepika pilau. Nimepigwa na butwaa: linalika! Stephania kalegeza mkanda. Wala hakuna uchawi, ni kusikiliza na kukoroga tu.

Lakini ninaandika kwa sababu ya jambo jingine. Kabla ya kukata simu, mama aliona lile rundo mezani. Akauliza ni nini. Nikasema kashata za Kizungu. Akaguna. Akasema yeye na kashata ni damu damu, meno yamebaki manne lakini yanatosha, nimtumie.

Na mama huyu, Stephania kaapa, maisha yake yote hajarudisha chombo cha mtu kitupu.

Korosho! Dagaa! Pengine hotpoti mpya! Kesho naenda posta, na nimeshachagua boksi kubwa kuliko yote. Ila mkwe ni mkwe, huwezi kumtumia vilivyokataliwa na watu. Sukari iko jikoni inachemka, na nyundo nimeshaiosha.