Mbuzi wa Mama Mkwe na Vipimajoto Vyangu

Jumatatu, 4 Machi
Mbuzi wa mama mkwe ana homa. Hayo ni kwa mujibu wangu. Kabakiza nusu ya majani. Mke wangu anadai kashiba tu, maana alianza na fulana yangu iliyoanikwa. Nikachukua kipimajoto cha kioo cha watoto, nikakifunga uzi, nikakiingiza nyuma. Nikala teke la goti. Digrii 39.2. Mimi nikifika hapo nimeshalazwa.

Mke akashauri tumwite daktari wa mifugo. Huyo ndiye aliyemposa mke wangu kabla yangu, na mama mkwe mpaka leo humwita mwanangu. Mimi ananiita Bwana Mipango. Katuachia mbuzi, anarudi safari Jumamosi. Atamkuta mbuzi wake mzima, na aliyemponya ni mimi. Nimemwogesha maji baridi na kumfunika shuka lililolowa.

Jumanne, 5 Machi
Mlinzi wa zahanati kaniazima ile bunduki ya kupimia joto. Paji la uso: 33. Pembe: 27. Mke akasema basi pembe imeshafariki. Nikajumlisha 39.2 na 33, nikagawa kwa mbili. 36.1. Tiba inafanya kazi. Shuka jingine.

Jumatano, 6 Machi
Cha kidijitali, cha jirani fundi cherehani. Hajui kimeingia wapi. Kinalia kikimaliza kupima. Kikalia, mbuzi akaruka, akakikanyaga. Sikuwahi kusoma. Jirani kauliza mtoto anaendeleaje. Nikamwambia hajambo kidogo. Shuka.

Alhamisi, 7 Machi
Mbuzi anakohoa. Mke kampigia daktari bila kunishirikisha. Kaja na buti safi. Kipimajoto chake kina uzi na kibanio cha kushika manyoya ya mkia. Kizuri, sikatai. 41. Akauliza Jumatatu alikuwa na ngapi. Nikamtajia, mpaka nukta. Akasema huyo alikuwa mbuzi mzima kabisa. Joto la mbuzi si la mtu. Akauliza nilimpa tiba gani. Mke akamwonyesha mashuka kwenye kamba.

Kamdunga sindano. Kaagiza mbuzi alale pakavu, na mimi nikae mbali. Mke kamnywesha daktari chai kwa kikombe changu.

Jumamosi, 9 Machi
Mama mkwe kafika. Mbuzi kasimama, anakula. Akamshukuru mwanawe kwa simu, kirefu. Kisha akaniuliza kama wiki hii nilikuwepo nyumbani. Kaondoka na mbuzi, na shuka moja.

Jumapili, 10 Machi
Nyumba kimya. Nimempima jogoo wetu, kwa kile cha kioo, na uzi. 41.3. Anawika na kula kama kawaida, lakini homa nyingine hujificha. Daktari alizungumzia mbuzi tu, kuku hakuwagusia. Mke sijamwambia.

Kesho saa moja asubuhi: ndoo ya maji baridi.