Siagi ya Karani

Leo nimeaibika mbele ya kijiji kizima, mama mkwe akiwemo. Nawaandikia nyinyi wenzangu mlioko mashamba ya mkonge kabla hamjasimuliwa na wengine, maana watatia chumvi.

Mnamkumbuka Karani, paka wetu. Nilimpa jina hilo kwa sababu hukaa mlangoni mwa ghala la mahindi kutwa nzima, na akiinuka, ujue panya mmoja amepungua. (Paka wa Bwana Shauri, yule mkubwa wa serikali kule Same, huenda analishwa kwenye sahani. Wetu ameajiriwa.) Basi tangu ng'ombe azae, Karani anajikuna. Kajikuna ubavu mpaka manyoya yameisha na ngozi imechubuka. Majirani wakasema ni upele, utaambukiza watoto. Mke wangu Nakijwa akanipa muda: ikifika jioni ya leo hajapona, anatiwa kwenye gunia, akatupwe msituni.

Mimi upele sikuukubali. Mnanijua, jambo likinikaa kichwani silali. Mbona mbwa analala naye na hajikuni? Mbona ng'ombe alipokauka paka huyu alinawiri, na alipozaa tu balaa likarudi? Nikaona kilichobadilika ni kimoja, maziwa. Kuna watu wakila mayai wanatoka vipele, kwa nini paka asikataliwe na maziwa? Nikapiga marufuku. Akabaki na panya wake na mabaki ya nyama ya mbuzi, na kila asubuhi nikawa nampaka mafuta ubavuni ngozi ilainike.

Hakupona. Nikawaza sana, nikapata jibu: kuna mtu anampa maziwa kwa siri. Na kila jioni Karani hupanda kwa nani? Kwa mama mkwe.

Asubuhi pembe ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, ikalia, tukaenda wote kuzoa tope kwenye ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia. Wakati wa kupumzika nikasimama. Nikasema kuna mtu, simtaji, anayeniulia paka kwa huruma yake. Sikumtaja kweli. Ila watu wote waligeuka wakamtazama mama mkwe.

Mnajua heshima ya mkwe kwetu, hata neno la kuomba chumvi unalipitisha kwa mtu. Mama akaweka jembe chini taratibu. Akamwomba Mzee Kajiru, msimamizi wa kazi, aniulize kama nimewahi kumwona akimpa. Sikuwahi. Mzee akaamua twende tukamwone huyo paka. Msaragambo mzima ukahamia uani kwangu, tope magotini.

Nikafurahi, nikajua sasa ndipo watakapouona ujuzi wangu. Nikamshika Karani, nikaeleza habari ya ng'ombe, ya mbwa, ya mayai. Watu wakatikisa vichwa kwa kukubali. (Hapo ningenyamaza, leo ningekuwa mganga.)

"Na dawa nampaka hivi," nikasema. Nikachota kwenye kibuyu, nikampaka ubavu mzima, nikamwachia.

Karani akakaa chini. Akageuza kichwa, akaanza kulamba. Akalamba polepole, kwa raha zake, bila kuacha hata chembe. Alipomaliza akanifuata, akalamba na kidole changu.

Mama mkwe akamgeukia Mzee Kajiru, kwa sauti ya upole kabisa. "Hebu muulize mkwe wangu, hiyo siagi kaikamua kwenye mgomba?"

Mzee Kajiru akaniuliza. Angefanyaje?

"Ya ng'ombe," nikajibu.

"Ng'ombe yupi?"

"Huyu huyu aliyezaa."

Jamani, walicheka mpaka mbwa akakimbia. Nakijwa alicheka huku amejishika kwenye lile gunia. Mimi nilitamani nizame kwenye ndiva, ila iko mbali.

Na bado nasema kuhusu maziwa sikukosea! Hata mama mkwe amekubali, ndiyo maana gunia limerudishwa ghalani. Nimemwomba radhi kupitia kwa Mzee Kajiru, naye amenisamehe, kwa sharti moja: Karani atakaa kwake mpaka manyoya yaote, kwa kuwa mtu anayempa maziwa kwa siri ameshajulikana.

Nimeruhusiwa kumtembelea Jumapili baada ya ibada, nikiwa nimenawa mikono. Anayetaka kucheka acheke huko huko kwenye mkonge, akija likizo awe amemaliza.