Rufaa Yangu Dhidi ya Marehemu Anayenitembelea Kila Jumapili

Mheshimiwa Msajili wa Mahakama ya Rufaa,

Kwa heshima na taadhima, mimi dereva wa lori, niliyehukumiwa kunyongwa kwa kumuua shemeji yangu, nakata rufaa. Jaji simlaumu, alifanya kazi yake. Aliyeharibu mambo ni marehemu, kwa kutokufa.

1. Tulikuwa tukipokezana usukani, na shemeji ana tabia ya kuweka mguu juu ya klachi kama yuko sebuleni kwake. Ni kweli nilimwambia fundi, "Huyu nitamuua." Muulize dereva yeyote: nani hajasema hivyo kuhusu mtu anayemuunguzia klachi?

2. Lori langu mtu hapandi na viatu. Shemeji alishuka peku kwenda haja. Mimi nikidhani amelala kitandani nyuma ya kiti, nikaondoka. Kandambili zake zikabaki ndani ya lori, zikawa ushahidi. Yale madoa mekundu yaliyonitia hatiani ni oili ya giaboksi, ila mpelelezi alikataa kunusa.

3. Kwa kuachwa njiani, marehemu alinuna mwaka mzima ugenini, hana habari kwamba amekufa. Alitokea siku ya hukumu, akanyoosha mkono. Karani akamwambia anyamaze, hayumo kwenye orodha ya mashahidi. Akakaa. Jaji alipoeleza alivyouawa, marehemu alitikisa kichwa kwa masikitiko.

4. Kila Jumapili huja kunitazama. Askari wa getini wamemwandika "ndugu wa marehemu". Mke wangu, ambaye ni dada yake, humlilia asubuhi, na mchana humgombeza kwa kumaliza mchuzi.

5. Ikishindikana kuifuta hukumu, basi sheria iwe msumeno, ikate mbele na nyuma: na yeye azikwe.

Mheshimiwa, utani kando, kamba naiogopa. Nikisikia funguo tu, naingia chini ya blanketi.

Nisalimie jaji, karani, na yule mpelelezi. Pua yake ipone.

Wako mtiifu,
Dereva wa lori (kwa sasa hasafiri)

Baada ya kutia sahihi: Leo marehemu amekuja. Kumbe tajiri mwenye gari amempa lori langu! Anasema gia ya tatu haiingii tena, lakini si neno, anaruka ya nne moja kwa moja. Na siku hizi anapanda na viatu. Tafadhali futa namba moja hadi tano. Hukumu ibaki kama ilivyo. Naomba tu nitolewe kwa saa moja, nikaistahili.