Bipu za Mangi Gaudens

Jumatatu, 8 Januari 2007

Simu mpya zimefika. Zinapita kwenye intaneti. Fundi ni kaka Utsav wa Mchafukoge, mpole, ana bisibisi mfukoni mwa shati. Ametandaza waya ofisi nzima, hapa juu ya duka letu la jumla la vyombo vya nyumbani, Kariakoo. Waya za njano ni za simu, za kijivu ni za kompyuta. Ameeleza kwamba sauti lazima iwe na njia yake, kama vile mikokoteni ingepewa barabara yake na magari yake. Zikichanganyika, Hillary akipakua nyimbo tu, maneno ya mteja yanakatikakatika. Hillary ni binamu yangu, anaandika ankara. Amesema yeye hapakui nyimbo. Anapakua.

Opereta ni mimi. Baba Mkubwa Gaudens, mwenye duka, ambaye wateja humwita Mangi kama Wachagga wote wenye maduka, amenipa nafasi kwa majaribio, maana nimemaliza kidato cha nne na matokeo bado. Nikishindwa, Shangazi Severa ananichukua kwenye meza yake ya mitumba Mchikichini. Pale msichana anapanda juu ya meza na kunadi blauzi kutwa nzima. Kwa sauti! Mbele ya watu! Mimi niliwahi kusoma somo la kwanza kanisani, padre akadhani kipaza sauti kimezimika.

Lazima nifanikiwe. Tatizo ni moja tu. Opereta anatakiwa kuongea na watu.

Jumanne, 9 Januari

Simu imelia tangu asubuhi. Kila ikilia, naiacha ilie mara tatu kwanza. Wateja wa mikoani afadhali, wao wanabipu tu. Inalia kidogo, inakatika, namba inabaki kwenye kioo, halafu sisi ndio tunapiga. Hivyo ndivyo duka linavyoendeshwa tangu simu za mkononi ziingie. Lakini kumpigia mtu ni kubaya kuliko kupokea. Ukipokea, angalau aliyeanza ni yeye.

Mbinu ya kwanza. Wenzangu walipokwenda kula, nikachomoa waya wa simu yangu kwenye tundu la simu, nikauchomeka kwenye tundu la kompyuta. Simu ikapotea njia. Ikakaa inatafuta, inatafuta. Amani.

Kumbe simu zote zikahamia kwa Baba Mkubwa, naye alikuwa na ndizi mdomoni. Utsav akaitwa. Akaukuta waya wa njano umekaa ugenini kati ya waya za kijivu. Nikasema labda ni panya. Hillary akauliza ni panya gani huyo anayejua kuchomeka.

Alhamisi, 11 Januari

Utsav ananiamini. Amenionyesha kwenye kompyuta mahali pa kusimamia simu zote, maana Baba Mkubwa hataki hata kupaona. Humo nimekuta jambo kubwa. Mtambo unaweza kupokea simu wenyewe! Hauchoki, hauoni haya.

Nimejifungia stoo, kati ya maboksi ya chupa za chai, nikarekodi: umepiga kwa Gaudens, Kariakoo, tafadhali subiri. Nilinong'ona, maana Hillary alikuwa nje ya mlango. Nyuma ya maneno nimeweka kwaya ya parokia yetu, wimbo wa taratibu kabisa, usimshtue mtu. Atakayesubiri mpaka wimbo uishe ataletwa kwangu. Wimbo ni mrefu. Na nimeuagiza mtambo upokee papo hapo, simu yangu isipate hata nafasi ya kulia.

Jumamosi, 13 Januari

Kimya. Kimya kizuri. Baba Mkubwa amesema ofisi imetulia kama benki, akanisifu mbele ya Hillary. Nimefuma kitambaa cha meza hadi nusu.

Hakuna oda hata moja kutoka mkoani. Hillary amekwenda stoo, amerudi, akanitazama. Amesema masufuria hayajawahi kulala namna hii. Wivu. Baba Mkubwa amemjibu kwamba ni Januari, watu wanalipa ada za shule.

Jumatatu, 15 Januari

Siku nzito.

Asubuhi ameingia Mama Evarista wa Kahama, mteja wetu wa zamani kuliko wote. Ametoka moja kwa moja kwenye basi. Kanga kiunoni, kanga kichwani, macho mekundu. Nyuma yake mchukuzi na gunia la mchele. Baba Mkubwa alikuwa anakunywa chai. Mama Evarista alipomwona, alikaa sakafuni.

"Mangi," akasema, "kumbe upo?"

Baba Mkubwa akauliza angekuwa wapi.

Basi akaeleza, na hakuna aliyecheka. Alhamisi alibipu kama kawaida yake.

"Miaka yote nakubipu, Mangi, na hujawahi kupokea bipu. Safari hii ikapokelewa. Nasikia mtoto analia kwa sauti ya chini, kwaya inaimba. Nikasema basi, Mangi ametutoka."

Salio lake lililiwa, hakujali. Akawaambia wenzake wa Shinyanga, wao wakawaambia wa Singida. Kila mmoja akabipu kuhakikisha. Kila mmoja akasikia kwaya. Nani ataagiza masufuria kwenye nyumba yenye msiba? Wakachanga mchele.

Baba Mkubwa hakugomba. Afadhali angegomba. Aliniuliza taratibu kama huyo mtoto ni mimi. Nikaitikia kwa kichwa. Akasema duka hili limejengwa na watu hawa, hakuna mwingine. Utsav amezima mashine ya kupokea. Kesho nitampigia kila mteja, kwa mdomo wangu mwenyewe, nimwambie Gaudens yu hai. Wasiporudi, Mchikichini.

Jumanne, 16 Januari

Nimeanza na Mzee Uwesu wa Singida. Nikamwamkia, nikasema Baba Mkubwa yupo. Akauliza kwa upole yupo wapi. Nikasema yupo hapa ofisini. Akasema pole sana mwanangu, ina maana bado hamjamsafirisha Moshi kuzikwa? Nikasema hapana, anakunywa chai. Hakunisikia. Hakuna anayenisikia. Akaanza kumwombea dua.

Baba Mkubwa alisimama karibu yangu, anasikiliza anavyoombewa. Alikuwa ameinamisha kichwa. Uso ule sikuuweza. Nikapanda juu ya kiti, nikaishika simu kwa mikono miwili.

"Mzee Uwesu, hajafa! Mangi yu hai! Masufuria yapo!"

Huko chini Mtaa wa Kongo mikokoteni ilisimama. Mzee Uwesu alicheka mpaka akakohoa, halafu akaagiza. Waliofuata niliwapigia wote nikiwa juu ya kile kiti. Jioni bipu zikaanza kurudi, moja hapa, moja pale, na hakuna aliyezipokea. Mama Evarista alizisikiliza kama mtu anayesikiliza mvua.

Nimeokoka! Nafasi ni yangu!

Ila Shangazi Severa alikuwa ngazini. Alikuja kusalimia tu. Hakuingia, alisimama pale akasikiliza hadi mteja wa mwisho. Alipoingia akamwambia Baba Mkubwa kwamba amehangaika na wasichana wa kunadi miaka mingi, na hajapata sauti kama hii. Kuiweka ghorofani ni kumkosea Mungu. Baba Mkubwa akafikiri. Akakubali.

Jumatano, 17 Januari

Kesho naanza Mchikichini. Baba Mkubwa ameniwekea mkono kichwani, akanishukuru kwa kumfufua. Hillary tayari amekalia kiti changu.

Nimetafakari makosa yangu kwa moyo mweupe. Kosa lilikuwa kwaya.

Sina hofu tena, maana nimepata njia. Kila blauzi nitaibandikia karatasi yenye bei yake. Bei moja, haipungui. Mteja atasoma, atalipa, ataondoka, hatakuwa na sababu ya kunisemesha. Ajabu ni kwamba Mchikichini nzima hakuna aliyewahi kufikiria jambo hili.