Meza ya Ndege ya Peres

Gazeti lenyewe lilikuwa la jana, lakini kwenye benchi ya Nanjala, muuza chai, habari haichachi. Muthama, askari wa geti moja kule Kilimani, hakuwa na tabia ya kununua gazeti. Alingoja tajiri wake alimalize, kisha akalichukua mpaka Hurlingham, kwenye benchi hiyo, na kulisoma kwa sauti ya kuamsha mtaa mzima. Ndiyo maana wakamwita Redio.

"Serikali imepiga marufuku uwindaji!" akatangaza asubuhi hiyo ya Jumamosi. "Nchi nzima! Mnyama asiguswe!"

"Hata panya?" akauliza Gerishon. Huyu alikuwa tarishi wa ofisi tu, lakini tai yake haikutoka shingoni hata wikendi, kwa hivyo pale aliitwa Meneja.

"Panya wako wewe kula bila wasiwasi. Hapa wanasema ndovu, chui, swala..."

"Na kumbikumbi?" Nanjala akadakia huku akimimina chai. "Maana hapo mimi na serikali tutakosana."

Wakacheka, kisha macho yote yakahamia mwisho wa benchi, alikoketi Zadock Were, fundi seremala. Yeye walimwita Mitego. Hakuna mtu aliyewahi kunywa chai pale bila kuambiwa jinsi Zadock alivyonasa kware huko kwao: kware mmoja kwenye kikapu juu ya mlingoti, anaita wenzake alfajiri, na chini ya mlingoti matanzi yanawangoja. Kila mwaka hesabu ya kware ilipanda, na siku hizi walikuwa wamefika gunia zima.

"Pole sana, Mitego," Meneja akasema. "Umeachishwa kazi na serikali."

"Siku hizi mimi nalisha ndege, siwali," Zadock akajibu, kidevu juu.

"Wee! Unalisha nani?"

"Uliza huko ng'ambo."

Ng'ambo ya barabara, nyuma ya ua wa kayaba, palikuwa shule ya msingi ya Peres, binti yake. Mwalimu Kanyiva alikuwa amewaambia watoto kila mmoja atengeneze meza ya kulishia ndege, akisaidiwa na mzazi, na saa nne leo angepita kuangalia ni ya nani imevuta ndege wa kila aina.

"Sasa ndege atengenezewe meza," Redio akasema, "na mimi nakunywa chai nimeweka kikombe kwa goti!"

"Ya Peres si meza, ni hoteli," Zadock akasema, na hapo alisahau kabisa kwamba alitaka kunyamaza. "Yule mtoto ana kichwa, bwana. Amechora yeye, mimi kazi yangu randa na misumari. Hapa chini wimbi kwa njiwa na shomoro. Katikati papai kwa wale wenye mkia mrefu. Juu kabisa chupa ya maji ya sukari, amefunga kitambaa chekundu, hiyo ni ya chozi, yule ndege mdogo mnyonya maua."

"Yaani makuli chini, mameneja juu," Nanjala akasema, akimtupia Gerishon jicho.

"Hata ndege wanajua mpangilio," Gerishon akajibu, akinyoosha tai.

"Lakini kuna shida moja," Zadock akaendelea, sasa akiinama kama mtu anayetoa siri ya ukoo. "Ndege hana saa. Anakuja, anadonoa, anaenda zake. Mwalimu akifika saa nne apate meza tupu, mtoto wangu atasema nini? Atalia, na mimi siwezi kuona Peres akilia. Basi nikapitia pale mapema, nikawapa sababu ya kungoja."

"Sababu gani?"

Zadock akaingiza mkono mfukoni, akatoa kifungu cha singa za mkia wa ng'ombe, kila moja imefungwa kitanzi.

"Laini kabisa. Hainyongi mtu. Inashika mguu tu, kama unamwambia mgeni, keti kidogo, mzee yuko njiani."

Andazi la Gerishon lilibaki hewani. Nanjala akaweka birika chini.

"Mungu wangu," Redio akasema. "Huyu ameweka ndege kizuizini. Bila kesi!"

"Punguza sauti!" Gerishon akageuka kuangalia barabara, mbele na nyuma. "Maneno ya kizuizini hayatangazwi barabarani, wewe Redio!"

"Kizuizini namna gani?" Zadock akateta. "Mwalimu akishaona nawaachilia wote!"

"Hivyo ndivyo husemwa," Redio akanong'ona.

Walicheka mpaka benchi ikalia. Zadock naye alijaribu kucheka, ila Nanjala hakucheka. Alimkazia macho.

"Baba Peres, mtoto ulimwambia nini mlipoanza hii kazi?"

Zadock akarudisha singa mfukoni polepole. Alikumbuka vizuri sana. Peres alikataa hata kuchora mstari mmoja mpaka baba yake aape kwamba hataweka mtego, kwa maana hadithi za kware alizisikia tangu akinyonya. Naye Zadock, mtu mzima na ndevu zake, akaramba kidole, akakinyoosha juu, akasema haki ya Mungu.

"Si nilisema sitawala?" akajitetea.

"Mazoea yana taabu," Nanjala akasema. "Mtoto atasimama na mwalimu, na darasa lote, aone chozi ananing'inia mguu juu. Wewe enda."

Hakuwa ameiona picha hiyo. Yeye aliona ndege wengi tu, na mwalimu akishangaa. Aliinuka akamwaga chai, lakini kabla hajavuka akasikia watoto wakipiga kelele nyuma ya kayaba, na Peres huyo akitoka getini mbio, sare imejaa vumbi. Zadock akakaa tena.

"Shikamoo baba. Mwalimu alikuja mapema."

"Peres, mama, nisikilize..."

"Niliyaona matanzi, baba. Niliyakata yote na makasi ya darasani kabla hajafika."

Aibu ilimpanda Zadock mpaka masikioni.

"Nilijua utaweka," Peres akasema.

"Ulijuaje, na niliapa?"

"Uliapa haraka sana."

Redio akaziba mdomo kwa gazeti.

"Nikaziacha zile singa hapo juu ya meza," Peres akaendelea. "Kumbe shomoro wanazitaka! Wanabeba moja moja, wanaenda kujenga viota. Hata wenye hawakutaka wimbi wamekuja! Mwalimu akasema wengine wote wameleta chakula, sisi peke yetu tumeleta na vya kujengea nyumba. Akauliza ni akili ya nani."

"Ukasema?"

"Nikasema ni ya baba yangu."

Zadock alijisikia mdogo kama punje ya wimbi, na hapo hapo alikuwa na furaha ya kutaka kumbeba binti yake mbele ya watu. Nanjala akajifanya anafuta vikombe.

"Lakini zimeisha," Peres akasema, mkono ameunyoosha. "Na ndege bado wanakuja."

Watu wa benchi wote wakautazama mfuko. Zadock akatoa kile kifungu, akakiweka kwenye kiganja cha mtoto.

Peres hakuondoka. Mkono wake ulikuwa bado umenyooka.

"Na za mfuko ule mwingine, baba."